Miezi minane na saa yenye sura ya Submariner

Swali ambalo kila mtu ananiuliza akiona hii saa ni moja tu, "hiyo ni orijino?", na nimekuwa nikijibu ndio kwa wengine na hapana kwa wengine, na majibu yote mawili ni ya kweli, kwa hivyo leo wacha niandike yote, manake nimeivaa miezi minane sasa, daftari ninalo, na kuna mambo nimeyajua ambayo wakati nanunua ningefurahi sana kama mtu angeniambia.

Saa yenyewe ni ya otomatiki, yaani haina betri, inajijaza kwa mkono wako kutembea. Chuma cha pua, upana milimita 40, uso mweusi, alama nyeupe za duara, bezeli nyeusi (ile pete ya juu inayozunguka kioo) yenye kuzungushwa na pembetatu juu, na ule mshale wa saa wenye kiduara na mistari mitatu ndani yake kama nembo ya Mercedes. Anayejua saa akiiona kutoka ng'ambo ya barabara atasema ile ni Submariner, saa ya wazamiaji ya Rolex ya Uswisi. Akisogea atasoma jina lingine kabisa, jina la kampuni ya China, na hilo jina siliandiki hapa kwa sababu kampuni zinazotengeneza saa ya sura hii ni nyingi, mashine wanayoweka ndani mara nyingi ni ile ile moja, na ninayotaka kusema yakusaidie ukikutana na yoyote kati yao. Niliagiza, ikaja kwenye mzigo wa mtu wa Kikuubo, ule mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, anayeleta bidhaa kutoka Guangzhou, na mpaka inafika mkononi nilikuwa nimetoa shilingi za Uganda 350,000 jumla.

Submariner yenyewe, ile mpya yenye tarehe, inazidi dola 10,000 za Marekani. Piga hesabu kwa shilingi yetu unapata zaidi ya milioni 35, hiyo ni bei ya bodaboda mpya kadhaa, ni watoto kusoma miaka na miaka. Sisemi anayeinunua amekosea, pesa ni zake na saa ni nzuri kweli. Nasema tu kwamba watu wengi tunaopenda saa hapa Kampala, na tuko wengi kuliko mnavyodhani, ile hatutaivaa, na swali linalobaki ni kama hii ya laki tatu na nusu inastahili kuvaliwa au ni ya kuficha chini ya mkono wa shati.

Mi nilianza kwa kujifunza kwa nini ile ya bei kali ina sura ile, manake huwezi kuhukumu kopi kama hujui inakopi nini. Submariner ilitoka mwaka 1953, ilitengenezwa kwa watu wanaozama na mitungi ya hewa, ikavumilia maji ya kina cha mita 100. Mtu aliye chini ya maji lazima ajue hewa yake imebaki dakika ngapi, kwa hivyo anazungusha bezeli, ile pembetatu anaiweka mahali mshale wa dakika ulipo wakati anazama, baada ya hapo anasoma tu dakika zilizopita bila kufanya hesabu kichwani. Bezeli inazunguka upande mmoja peke yake ili ikigongwa kwa bahati mbaya ionyeshe dakika nyingi zaidi, isije ikamdanganya mtu kwamba bado ana hewa (hii ya upande mmoja haikuwepo tangu mwanzo, ilikuja baadaye). Alama za saa ni za duara na kubwa ili zionekane kwenye giza, saa sita ina pembetatu ili ujue juu ni wapi hata saa ikiwa imepinda mkononi, na kile kiduara kwenye mshale mfupi kinakusaidia usiuchanganye na mshale wa dakika. Miaka yote nilikuwa naona ule mshale nafikiri ni urembo. Kumbe kila kitu pale kina kazi, na nilipojua hivyo ndio niliipenda ile sura kwa dhati, na ndio maana nilitaka saa yenye sura ile hasa.

Na wanaosema kuvaa sura ya Submariner bila kuwa na Submariner ni wizi, nawauliza kama wanaijua Tudor. Hans Wilsdorf, mtu yule yule aliyeanzisha Rolex, alianzisha pia Tudor ili kuuza saa za kuaminika kwa bei ya chini, na kuanzia mwaka 1954 Tudor ilikuwa na Submariner yake, kwa jina hilo hilo, sura hiyo hiyo, ila ndani waliweka mashine iliyonunuliwa kwa kampuni nyingine. Jeshi la majini la Ufaransa lilizitumia hizo Tudor miaka mingi. Na mwaka huo huo wa 1953 Blancpain ya Uswisi ilitoa Fifty Fathoms, nayo nyeusi, nayo na bezeli ya kuzunguka. Najua Tudor ilikuwa na ruhusa ya mwenyewe na hizi za China hazina, hilo silipingi. Lakini wazo la kuchukua kesi nzuri, yaani ganda la nje la saa, kuweka mashine ya kununua na kumuuzia mtu wa kawaida lilianzia kwa mwenye mali mwenyewe.

Kitu nisichokubali ni jina la uongo. Binamu yangu alinunua "Rolex" mjini kwa mtu wa barabarani, shilingi 80,000, taji kwenye uso, taji kwenye cheni, jina limeandikwa sehemu nne. Mshale wa sekunde unaruka tik, tik, tik, mara moja kila sekunde, manake ndani kuna kibetri na mashine ya bei ya soda mbili. Baada ya wiki tatu mvuke umejaa chini ya kioo. Hiyo ni feki, na kinachoniumiza zaidi ya pesa ni kwamba binamu mwenyewe aliamini, alimwonyesha kila mtu ofisini. Saa yangu haimdanganyi mtu jina. Ndio maana akiniuliza mtu "ni orijino?" akimaanisha Rolex namwambia hapana, na akimaanisha kama ni ile iliyoandikwa pale namwambia ndio, asilimia mia.

Sasa tuingie ndani. Mashine inaitwa NH35, inatengenezwa na Seiko ya Japani na kuuzwa kwa yeyote anayetaka kuunda saa. Ina vito 24 vya kupunguza msuguano, inapiga mara 21,600 kwa saa moja, yaani mara sita kila sekunde, kwa hivyo mshale wa sekunde unateleza badala ya kuruka, sio laini kama wa Rolex inayopiga mara nane kwa sekunde, lakini kwa macho ya kawaida unateleza. Ukivuta kile kifungo cha pembeni mpaka mwisho, sekunde inasimama, unaipanga sawasawa na simu. Na ukitaka unaweza kuitia ufunguo kwa mkono. Haya mawili yanaonekana madogo lakini marehemu baba alikuwa na Seiko 5, alikuwa dereva wa trela njia ya Mombasa kuja Malaba mpaka Kampala, na ile yake haikuwa na hata moja kati ya hayo, ikisimama alikuwa anaitikisa asubuhi mlangoni kama mtu anayetikisa dawa ya kikohozi, kisha anasubiri redio itangaze saa ndio aipange. Hiyo picha ninayo mpaka leo.

Seiko wenyewe wanasema NH35 inaweza kuchelewa mpaka sekunde 20 kwa siku au kukimbia mpaka sekunde 40. Rolex wanaahidi sekunde mbili tu huku au huku. Mi niliandika kila asubuhi saa moja kamili kwa simu, wiki nne za kwanza, wastani ukawa mbele sekunde 9 kwa siku. Siku ina sekunde 86,400, kwa hivyo katika kila sekunde 9,600 ilikuwa inakosea moja. Kitu cha springi na magurudumu, hakina umeme, kinapiga zaidi ya mara laki tano kwa siku, kimewekwa kwenye mkono wa mtu anayepanda boda, anayebeba mtoto, anayelala nacho, na kinakosea moja katika 9,600! Mimi hiyo hesabu inanishika moyo kila nikiifikiria. Simu ni sahihi zaidi, najua, lakini simu haijanifanya hata siku moja niiweke sikioni nisikilize.

Kuhusu kukaa bila kuvaliwa wanasema saa 41. Nikaijaza vizuri, Ijumaa saa moja jioni nikaivua nikaiweka kabatini, Jumapili saa sita mchana ambapo hizo 41 zinaisha ilikuwa bado inatembea, ikasimama saa saba kasoro dakika kumi. Imetimiza na ikaongeza.

Mwezi wa tatu wa kuivaa ikaanza mambo. Ghafla ikawa inakimbia dakika tatu kwa siku, dakika sio sekunde, nikadhani imekufa. Nikaipeleka kwa fundi saa mmoja mzee, kijiduka chake kiko chini ya ngazi sio mbali na Old Taxi Park, meza moja, taa moja, kioo cha jichoni, na droo ndogo ndogo zilizojaa skrubu ambazo bila kioo huzioni. Alijifunza kazi kwa Mhindi kabla ya 1972, Wahindi walipofukuzwa yeye akabaki na zile koleo ndogo za mwalimu wake na bado anazitumia. Anaongea Kiswahili cha kambini, kigumu lakini safi.

"Mzee, nimeileta hii, inakimbia."

Akaipindua, akatoa spana, akafungua mgongo, akaangalia kama sekunde tano hivi. "Hii naijua. Hii ni Seiko."

"Lakini juu imeandikwa jina lingine mzee."

"Jina ni la juu. Mimi natengeneza ya ndani." Alafu akaniuliza, "Usiku unaiweka wapi, kijana wangu?"

Nikafikiria, nikamwambia naiweka juu ya spika ya redio kando ya kitanda. Akatingisha kichwa. Spika ina sumaku ndani. Sumaku ikiingia kwenye ule uzi mwembamba wa springi unaopumua, mizunguko yake inanatana, springi inakuwa kama imefupishwa na saa inakimbia. Akachukua kiboksi kidogo cha bluu chenye kitufe, akaipitisha saa juu yake pole pole, mara mbili, akasema imetoka. Kisha kwa sababu mgongo ulikuwa tayari wazi, akasogeza kimkono kidogo cha kurekebisha mwendo, akatega sikio, akasogeza tena kidogo sana, hata sikuona kama kimesogea, akafunga. Tulikuwa tumeagiza rolex mbili, zile za chapati na mayai, wakati zinakunjwa kwa kijana wa pale nje kazi ilikuwa imeisha. Shilingi 20,000. Tangu siku hiyo inaenda mbele sekunde tatu, siku zingine nne, na nikiilaza usiku imesimama kwa upande, kifungo kikiangalia chini, inarudisha moja au mbili. Kila saa ina upande wake inaoupenda, hiyo yangu ni hiyo.

Hapa ndipo nilipobadilisha namna ninavyoihukumu hii saa. Nilikuwa nimeinunua kwa ajili ya sura ya nje lakini kilichoniridhisha ni kwamba mzee wa chini ya ngazi aliitambua kwa sekunde tano. Akaniambia siku ikichoka kabisa sio lazima aifungue kipande kwa kipande, mashine nzima mpya inapatikana kwa dola 40 hivi, anatoa ya zamani anaweka mpya, jioni unaondoka nayo. Submariner halisi huduma moja ya kawaida inapita bei ya saa yangu nzima mara kadhaa. Unaponunua saa hapa kwetu uliza hilo kabla ya kuuliza habari ya kioo na rangi, nani ataifungua na vipuri vitatoka wapi.

Nisiwe kama naiuza, ina makosa yake na mengine yananikera mpaka leo.

La kwanza ni ile lenzi ndogo juu ya tarehe. Kwa Rolex inakuza tarehe mara mbili na nusu, namba inajaa dirisha, mzee wa miaka sabini anaisoma. Kwenye yangu inakuza kidogo sana, labda mara moja na nusu, namba imebaki ndogo vile vile na juu yake kuna kipande cha kioo kinachokamata vumbi na jasho. Waliikopi sura wakaacha kazi yake. Kama unaagiza na unaweza kuchagua, chagua isiyo na lenzi. Na ukiwa na tarehe kumbuka usiibadilishe kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, wakati huo magurudumu ya tarehe yameshashikana, ukilazimisha unavunja jino.

La pili ni cheni. Vipande vyenyewe ni vizito na imara, lakini kibano cha kufungia ni cha bati jembamba, kikawa kinalia, na siku moja pini ya upande mmoja ikachomoka niko kwenye boda Entebbe Road, saa ikabaki imening'inia kwa mkono wa koti. Nilishuka mikono inatetemeka. Fundi aliweka pini mbili nene za 2,000 na haijarudia. Ukinunua saa ya aina hii badilisha pini siku hiyo hiyo, usingoje.

Rangi ya kung'aa gizani mwanzo ni kali sana, umeme ukikatika jioni unaona kila alama, lakini ikifika saa saba usiku unabahatisha. Kioo ni cha safaya, hakina mkwaruzo hata mmoja, na nimekigonga ukutani mara nyingi, hapo sina neno.

Maji, mgongoni imeandikwa mita 200. Ziwa letu, Nalubaale, ambalo ramani zinaliita Victoria, sehemu yake ya kina zaidi ni kama mita 80 na kitu, kwa hivyo kwa maandishi ningeweza kushuka mpaka chini kabisa na kutembea. Mi naogelea Entebbe juu juu tu, naoga nayo, naosha gari, na haijawahi kuonyesha mvuke. Lakini kila mara nahakikisha kifungo kimekazwa, manake kinafungwa kwa kuzungusha kama kifuniko cha chupa, na fundi ameniambia raba za ndani zinakauka, baada ya miaka michache zibadilishwe.

Kosa lililoniudhi kuliko yote lilikuwa bezeli. Bezeli yenyewe inazunguka vizuri, kliki 120, inakaza, lakini pembetatu ilikuwa haisimami sawa na alama ya saa sita, ilikuwa imepita nusu kliki. Nusu kliki tu. Watu niliowaonyesha hawakuiona mpaka nikawaelekeza, na mimi tangu nilipoiona sikuweza kuacha kuiona. Kwenye saa ambayo maana yake yote ni ile bezeli, nusu kliki ni kubwa. Na nilikuwa naitumia kweli, nikipanda taksi ya Mukono naweka pembetatu kwenye dakika, nikifika Banda naangalia, nikifika Kireka naangalia, naijua foleni ya Jinja Road kwa dakika kuliko madereva wengi.

Basi kutafuta dawa ya nusu kliki ndiko kulikonipeleka kwenye kitu nilichotaka hasa kuwaambia leo.

Ile pete nyeusi yenye namba juu ya bezeli imebandikwa tu kwa gundi, inatoka. Na kwa sababu saa za namna hii ziko nyingi duniani na watu wanazichezea, pete za kubadilisha zinauzwa za kila aina. Nilipokuwa naangalia nikaona pete ambayo haina dakika, ina saa, moja mpaka kumi na moja, na pembetatu mahali pa kumi na mbili. Wanaitumia wasafiri, unaizungusha kusoma saa ya nchi nyingine. Nikakaa nikaiangalia ile picha kwa muda.

Nyinyi mnajua saa zetu. Kiswahili, Luganda, tunahesabu jua likichomoza. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7 tunasema saa moja, ukiwa kwenye 12 saa sita. Tangu utoto tunafundishwa kuangalia namba kisha kusoma ile ya ng'ambo yake, tumezoea mpaka hatujui tena kwamba tunafanya hivyo. Saa zote tulizowahi kuvaa, za bei kali na za bei rahisi, tunazisoma kinyume. Na hii pete ukiizungusha nusu duara, pembetatu ikaenda chini kwenye 6, basi moja inakaa kwenye 7, mbili kwenye 8, tatu kwenye 9, sita inakaa juu kabisa mahali pa saa sita mchana. Saa inasoma Kiswahili!

Niliagiza siku hiyo hiyo, pete ya milimita 38, shilingi 40,000 mpaka ikafika. Mzee wa chini ya ngazi aliipasha ile ya zamani joto, akaiinua kwa kisu chembamba, akasafisha gundi, nikamwomba aiweke mpya kwa jicho lake, asifuate alama ya kiwandani, ile nusu kliki imalizikie hapo. Akaiweka. Akanirudishia, nikazungusha pale mezani kwake, kliki 60, pembetatu ikashuka chini, ikasimama katikati sawasawa. Nikamwonyesha. Aliiangalia muda mrefu na kioo chake jichoni, hakuuliza ni ya nini, alisoma mwenyewe, "saa tisa na dakika kumi." Miaka zaidi ya hamsini anatengeneza saa na alisema hajawahi kuwekewa mezani moja inayosema hivyo.

Nimepoteza kuhesabu dakika, hilo ni kweli, foleni ya Mukono sasa nabahatisha, na Submariner bila dakika kwenye bezeli mtu wa maji atakwambia sio Submariner tena. Nakubali. Lakini nani angethubutu kubandua pete ya saa ya milioni 35? Hii ya kwangu niliibandua bila woga, na wakati naandika haya sioni tena sura ya mtu mwingine mkononi mwangu.

Wiki iliyopita nilienda nyumbani Busia. Mama amekaa kibarazani anachambua maharagwe, miwani yake iko ndani, akanishika mkono akauvuta karibu kama anavyofanya siku zote akitaka kujua saa, alikuwa anafanya hivyo hivyo na mkono wa baba. Na mi nikanyamaza, sikumwambia kitu.

"Saa tatu kasoro robo," akasema, akaachia mkono. Kisha akaushika tena.